Soksi za Denko

Jioni ile Stoyna alitoka kuteka maji kabla giza halijaingia. Tangu siku ya vita ukungu ulikuwa haujaondoka bondeni, na hata nguo zilizoanikwa zilinuka baruti. Ruska, jirani yake, alimkuta kisimani.

"Nibebee ndoo, wewe. Mimi ndiye kaka yako sasa," Ruska alimtania.

"Kaka gani anavaa sketi?"

Wakacheka kidogo. Halafu kila mmoja akakumbuka yaliyofanyika makaburini.

Siku nne nyuma, majeshi ya Wakristo walioungana yalilivunja jeshi la Sultani aliyewatawala, kwenye vilima vya juu ya Kumanovo. Kijiji kizima kilipiga kengele kwa furaha. Nyumbani kwa Stoyna hawakupiga kitu. Kaka yake, Denko, alikuwa ameandikishwa kwa nguvu upande wa Sultani. Walimwokota handakini, uso wote umeondoka na kombora. Stoyna ndiye aliyemtambua, kwa soksi. Alizifuma mwenyewe, nyekundu, zenye njiwa weusi.

Denko na Stoyna walizaliwa mwezi mmoja, miaka tofauti. Watu wa namna hiyo, mmoja akifa humvuta mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kuzika walimfunga Stoyna na maiti, mguu kwa mguu, kwa pingu ya farasi, mpaka akaita, "Ruska, ndugu yangu kwa Mungu, nifungue!" Ruska akafungua. Tangu hapo Ruska ndiye kaka yake; Denko hakuwa nduguye tena.

"Akikuita, usiitike," wanawake walimwonya. "Ukiitika, umekwenda naye."

Aliporudi na maji, mama alikuwa anasonga ugali. Stoyna akatia komeo.

Ko... ko... ko.

"Stoyna."

Ndoo ikamponyoka.

"Stoyna, nifungulie. Ni mimi."

Mama alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Usiitike," alinong'ona. "Mwanangu, nimebakiwa na wewe tu."

"Mama... nasikia baridi. Miguu yangu..." Kucha zilikwaruza ubao. Harufu ya damu na udongo mbichi ikapenya chini ya mlango. "Soksi nilimpa Ramiz, wa kikosi chetu. Alikuwa analia kwa baridi, handaki lote linamcheka. Usinune, dada. Utanifumia nyingine."

Ramiz.

Maiti waliyoizika haikuwa na uso...

Stoyna akajitupa kwenye komeo. Mama akamng'ang'ania kiunoni kwa nguvu zake zote, naye analia bila sauti.

"Hata jina langu hamlitaki?"

Kisha kucha zikaacha kukwaruza.

Alfajiri walifungua. Denko alikuwa amelala kizingitini, pekupeku, na tundu la risasi ubavuni. Uso wake ulikuwa mzima. Stoyna akaingiza mkono kwapani mwake. Palikuwa bado na joto.

Wanawake walikuja kumwosha. Walipofika miguuni wakaacha, wakatazamana. Kwenye kifundo cha kushoto palikuwa na duara la kutu.

Alama ya pingu.

Lakini kwa pingu ile alifungwa yule mwingine, aliyezikwa. Baba yake Ruska alikimbia makaburini, akarudi mbio. Kaburi halikuguswa.

Wakaileta pingu tena. Wakamfunga Stoyna na kaka yake, mguu kwa mguu. Ruska akasimama na ufunguo, machozi yakimtiririka.

"Niite, Stoyna. Niite basi, nikufungue."

Stoyna hakumtazama. Alikuwa anautazama uso wa Denko, midomo iliyopasuka kwa baridi, iliyomwita usiku kucha labda, na yeye yuko hatua tatu tu.

"Stoyna! Niite!"

Akainama mpaka sikioni kwa maiti.

"Abee, kaka," akasema.

Na pingu ikavutwa, taratibu, kutoka upande wa pili.