Aliyefika Kabla ya Riungu

“Sasa hili, mwanangu, linakimbilia wapi?”

Mama Riungu aliuliza hivyo siku gari lilipoingia uani kwake, Nkubu, likiburuza tumbo kwenye changarawe. Watu walikuwa wakicheka, wakipiga picha, wakigombea zamu ya kukaa ndani. Misheck wa jirani alijikunja akaingia, akashindwa kutoka, ikabidi avutwe mikono kama ndama anayezaliwa.

“Ukikaa humu unaona magurudumu ya tuk-tuk tu!” akalalamika, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kiende hakucheka. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, nyumbani kwa likizo, bingwa wa midahalo, na lori la viazi lililomlipia karo ndilo kakake Riungu alilolitoa, akabadilishana na kitu cha milango miwili kisichobeba hata gunia moja. Namba za spidi ziliishia mia tatu na ishirini. Mia tatu na ishirini! Kutoka Nkubu hadi Meru mjini kuna matuta, punda, boda boda na mashimo. Kila tuta Riungu alishuka, akachungulia chini, akapanda tena. Mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi mgongoni alimpita mara mbili.

“Wewe hujui raha,” Riungu alimwambia.

“Haya, nieleze hiyo raha.”

Alicheka tu, akaondoka. Kila Ijumaa jioni alipanda nalo hadi Timau, ambako barabara inanyooka katikati ya mashamba ya ngano, alikimbize huko, kisha arudi nyumbani kula.

Ijumaa ya tatu, giza likianza kuingia, Kiende alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya ng’ombe. Akasikia gari. Ule mngurumo mzito unaotikisa mabati. Ukazima. Mlango ukafungwa... pu! Viatu vikakanyaga changarawe. Hatua tatu... nne... tano...

Zikasita.

Akaweka panga chini, akaenda kufungua geti.

Hapakuwa na gari.

Changarawe ilikuwa imelala vile vile alivyoifagia asubuhi. Ila palikuwa na harufu. Mpira ulioungua, na ndani yake, harufu ya mabua makavu ya ngano. Nkubu hatulimi ngano.

Dakika ishirini baadaye Riungu akafika.

“Ulikuja ukaenda wapi tena?” Kiende akamuuliza.

“Nani? Mimi ndio nafika.”

Ijumaa iliyofuata, muda kati ya sauti na mtu mwenyewe ulikuwa karibu nusu saa. Safari hii hata mama alisikia. Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na desturi: chakula cha mtu kilipakuliwa aliposikika getini, kikafunikwa, na hakuna mwingine aliyekigusa. Mama alisimama na mwiko mkononi, masikio yameelekea nje.

“Huyu siye,” alinong’ona.

“Mama nawe! Hatua za Riungu huzijui? Ni upepo umetangulia na sauti. Mpakulie tu.”

Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya kushinda midahalo, sauti isiyoacha mtu nafasi ya kupumua. Mama akapakua mukimo wa viazi na mahindi, akafunika, akaweka mezani.

“Karibu, mwanangu. Chakula chako hiki.”

Nje, hatua zilizokuwa zimesita zikaendelea. Zikatoka kwenye changarawe. Zikapanda kizingiti cha saruji.

Kisha kimya.

Riungu alipofika hasa, alikaa mezani akaitazama sahani bila kuigusa.

“Nimeshiba, mama.”

“Umekula wapi?”

“Sijui.”

Mama akafunua. Sahani ilikuwa imejaa, haijaguswa. Lakini mukimo uliotoka motoni nusu saa tu iliyopita ulikuwa na baridi ya asubuhi za Timau, baridi inayouma vidole.

Usiku ule Kiende hakupata usingizi. Ijumaa ya tano alikaa kwenye kiti cha pembeni mwa dereva kabla ya Riungu kufungua mdomo.

“Leo nakwenda nawe. Nataka kuiona hiyo raha.”

Jua lilikuwa limeshuka walipofika kwenye nyoofu ya barabara ya Timau. Ngano kushoto, ngano kulia, na mlima umejifunika blanketi lake la mawingu. Riungu akakanyaga mafuta. Kiende alihisi kifua kikisukumwa kwenye kiti kana kwamba kuna mtu amemkalia. Ngano ikawa si ngano tena, ikawa ukuta. Hakuona mlima. Hakuona watu. Alitafuta raha kwa bidii, kwa haki kabisa, kama anavyotafuta hoja ya upande wa pili... akapata woga mtupu na kiu.

Ndipo alipoziona. Mbele yao, mbali, taa mbili nyekundu.

“Unaziona?” Riungu akanong’ona.

“Ni gari gani lile?”

“Ni hili.”

“Riungu, acha mchezo.”

“Angalia namba.”

Walikuwa wamekaribia. Namba zilikuwa zao. Mkono wa dereva ulikuwa umeegemea dirishani, na mkono wa shati ulikuwa na ile michirizi ya samawati, shati ambalo mama alimnunulia Riungu Krismasi. Ndani ya gari lile kulikuwa na kichwa kimoja tu.

“Huwa namkaribia,” Riungu alisema. Jasho lilimtiririka shingoni. “Kila Ijumaa zaidi kidogo. Siku nikimpita, naacha.”

“Ukimpita utapata nini?”

Riungu akazidi kukanyaga.

“Riungu! Unafurahia? Niambie ukweli, hata mara moja umewahi kufurahia?”

“Hapana.” Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. “Tangu siku ya kwanza, hapana. Naogopa tu kubaki nyuma.”

“Basi simama. Tafadhali. Simama!”

Akasimama. Upepo ukapita kwenye ngano... fyuuu. Injini ikatoa mlio wa chuma kinachopoa. Tik... tik... tik.

Mbele, taa mbili nyekundu nazo zikasimama.

Zikasubiri.

Kiende alilia, Riungu akalia pia, wakashikana mikono kama walivyoshikana siku ya kumzika baba. Wakageuza gari, wakarudi nyumbani taratibu, nyuma ya mkokoteni wa punda. Riungu akaapa: Ijumaa ijayo angelirudisha kwa Rage, msafirishaji wa Meru mjini aliyembadilishia.

Kwa nini siku hiyo alipitia Timau kwanza, hakuna ajuaye.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, mngurumo ulitikisa mabati. Mlango... pu. Changarawe. Kiende alikuwa zizini. Alitupa ndoo ya maziwa akakimbia.

“Mama, usipakue! Usimkaribishe!”

Lakini mama alikuwa ameshasema. Alisimama kando ya meza, sahani imefunikwa, na macho yake yalikuwa yakiutazama mlango uliofunguka polepole bila mtu.

Walikaa wakisubiri sauti ya pili. Dakika ishirini. Nusu saa. Saa nzima.

Iliyolia ilikuwa simu.

Gari lilikutwa ndani ya shamba la ngano, chini ya Timau. Polisi walipima barabara yote. Hapakuwa na alama ya breki. Hapakuwa na alama ya gari lingine. Saa ya Riungu ilivunjika mkononi, mishale imesimama kwenye kumi na mbili na dakika arobaini. Timau ni mbali na Nkubu. Hata kwa ile mia tatu na ishirini, ni mbali.

Rage alikuja matangani, akachuchumaa kando ya Kiende, kofia mkononi.

“Dada, nisamehe. Mwenye gari wa kwanza alikataa kuliendesha, nikalibeba juu ya lori kutoka Mombasa. Akaniambia, uza mahali pasipo na barabara iliyonyooka. Nikadhani mtu anatania. Nikasema Meru ni milima mitupu...” Akafuta macho kwa kofia. “Nyoofu ya Timau niliisahau.”

Kiende angemlaumu vipi, naye ndiye aliyesema, mpakulie tu?

Midahalo ameiacha. Kila Ijumaa anarudi nyumbani kukaa na mama. Giza likianza kuingia mngurumo unakuja, mlango unafungwa, hatua zinakanyaga changarawe hadi kizingitini. Hawainuki. Hawasemi neno. Huyo si mgeni wao. Wanasubiri sauti ya pili, ile inayochelewa, kwa kuwa Riungu wao alikuwa daima ndiye anayechelewa. Mama ameipakua sahani hata hivyo, na ameifunika mara mbili isipoe.

Kwa hiyo wewe, ukipita nyoofu ya Timau jioni, ukaona magari mawili yanayofanana yakifukuzana, la mbele liache lipite. La nyuma limulikie taa. Mwambie chakula kipo, mama yake hajalala, na hakuna anayemharakisha.

Tafadhali, mwambie aje polepole.