Msumeno Usio na Uzito

Duka lilikuwa limebakiza dakika chache lifungwe Bega alipoingia. Jua lilikuwa limeshakunja mkeka wake, na taa za barabarani hazijaamua kama ziwake au zingoje kidogo.

Bega alikuwa mpogoaji. Kwa asiyeijua kazi ya magogo: mmoja huangusha mti, mwingine hufuata nyuma na msumeno wa mashine akiuvua matawi mpaka ubaki umenyooka kama fimbo ya mwalimu. Huyo wa pili ndiye mpogoaji. Watu humdharau, na hiyo ni dharau ya kutojua. Mwangushaji husimama pale pale akakata mara moja, basi. Mpogoaji huinua mashine, huishusha, huigeuza, huiinua tena, tawi kwa tawi, mara elfu kabla jua halijafika utosini. Na miti ya msitu wa kina Bega ilikuwa midogo, minene kama paja la mtu, lakini ina matawi mengi kuliko maneno ya dalali. Ukienda na mashine kubwa kwenye miti kama ile, jioni unarudi nyumbani umebeba bega lako mkononi.

Jina la Bega lilitokana na ujana wake. Aliwahi kubeba gogo peke yake kwa bega moja, huku mkono wa pili ukichokonoa meno kwa kijiti. Nimeelezwa na watu watatu, na wawili kati yao hawakuwa wamelewa. Sasa bega lile lile lilikuwa limegoma. Msimamizi alikuwa amemwambia mbele ya kikosi kizima: "Mzee, Jumatatu njoo na mashine unayoiweza, au njoo utuage."

Nyumbani kulikuwa na mke wake, na mjukuu wa miezi mitano ambaye binti yao alimwacha hapo akaenda kutafuta kazi mbali. Na tumbo la mtoto halijui habari za bega.

Duka lilikuwa refu na jembamba, lanuka petroli na utomvu wa mti uliokatwa sasa hivi, ingawa humo ndani hamkuwa na mti. Misumeno ilitundikwa ukutani kwa safu. Mwenye duka alikaa kwenye kigoda mwisho kabisa, mikono imening'inia pembeni.

Vidole vyake viligusa sakafu.

"Tungua mwenyewe, ndugu yangu," alisema taratibu. "Mimi mikono yangu imechoka."

Bega akasema moyoni, mvivu huyu. Akaanza kazi ya kuchagua, na hapo hadanganywi na mtu. Unashika mshikio wa mbele peke yake, unanyoosha mkono, unahesabu hadi thelathini. Mashine ikilala kwa pua, ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo ni mrefu mno. Ikilala kwa mkia, tangi ni kubwa. Ya kwanza ilimtetemesha akiwa kwenye tisa. Ya pili ilikuwa nyepesi kidogo, lakini ilikaa mkononi kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Ya tatu ilikuwa kwenye pembe, ya kijani, tangi lake kama kikombe, ulimi wake hauzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Aliiweka kwanza kwenye mzani wa mezani. Kilo tano kasoro. Akaishika, akanyoosha mkono.

Thelathini. Hamsini. Mia...

Hakusikia kitu. Ilikuwa kama ameshika kofia yake.

Akairudisha mzanini. Mshale ukaenda pale pale, kilo tano kasoro.

"Mzani wako mbovu," alisema Bega.

"Mzani mzima."

"Mbona mkononi haina kitu?"

Mwenye duka aliuliza lake, kwa sauti ya chini. "Nyumbani nani anakubebea mizigo?"

Bega ni katika wale watu ambao utani ukipita karibu lazima waurukie. Akacheka. "Mke wangu. Yule akibeba gunia, gunia ndilo linalohema."

Mwenye duka hakucheka. "Mke wako," alirudia, kama karani anayeandika. "Basi chukua."

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Bega. Mashine iliimba. Alipita juu ya miti iliyolala kama kinyozi kwenye kichwa cha mtoto, matawi yakidondoka kushoto na kulia. Mwangushaji wa kikosi alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane ilibidi shemeji akimbizwe.

"Shem, leo umekunywa nini?"

"Maziwa ya simba," akajibu Bega. "Nimemkamua mwenyewe."

Jioni alitazama viganja vyake. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Viganja laini, kama vya mtu aliyeshinda kitandani.

Nyumbani alikuta sufuria imepinduka na mke wake ameketi ukutani.

"Mikono imekufa," mke alisema. "Tangu asubuhi. Mchana ikapata nafuu kidogo, ikaanza tena. Ikaacha uliporudi."

"Umeilalia."

"Mikono yote miwili, baba watoto?"

Siku ya pili mke alimwonyesha viganja. Malengelenge manne kila upande, mengine yamepasuka.

"Umelima?"

"Nilime wapi? Nimeshinda nimekaa, namwangalia mtoto kwenye mkeka."

Bega akaushika mkono wake ili autazame vizuri. Ndipo harufu ikampanda puani. Petroli. Na chini ya kucha za mke wake, kucha za mtu ambaye hajafika msituni mwaka mzima... palikuwa na unga wa mbao, mbichi, bado una utomvu.

Alisema ni uchovu. Kesho yake akaenda kazini na mashine ile ile. Tusimlaumu haraka. Mtu aliyeonja kurudishiwa heshima yake hukubali kupofuka jicho moja.

Siku ya tatu alikuta watu mlangoni.

Mke wake alikuwa akimwogesha mjukuu. Mikono ikazama. Ikazama na mtoto hadi chini ya beseni, na haikuinuka. Alipiga kelele, jirani akaruka ukuta, akamtoa mtoto amekuwa wa bluu. Mtoto alikuwa mzima sasa, amelala mgongoni mwa jirani, anakoroma kidogo kidogo.

Watu walipoondoka, mke alisema, "Wewe unajua kitu."

Bega alimwambia aketi mezani, anyooshe mikono mbele. Kisha akaenda stoo nyuma ya nyumba, ambako mashine ilikuwa sakafuni. Giza lilikuwa linaingia. Akashika mshikio. Akainua. Si sana, kimo cha kidole kimoja.

Ndani, viwiko viligonga meza.

"Iweke chini," sauti ya mke wake ilipenya ukutani. "Baba watoto... iweke chini."

Aliiweka. Akakaa pale pale kwenye magunia, jasho likimtoka kama aliyefufuliwa.

Kuirudisha nako kulikuwa mtihani. Alikuwa na toroli la kuisukumia, lakini lazima mtu aiinue aiweke torolini. Mke wake alimwachia jirani mtoto, akajilaza sakafuni, viganja juu ya mkeka.

"Beba sasa," alisema. "Na usiniangalie."

Mwenye duka alikuwa bado kwenye kigoda. Taa moja tu iliwaka.

"Nimeirudisha," Bega alisema.

"Mashine inarudi. Uzito haurudi. Una mwenyewe, mpaka atajwe mwingine."

Bega alikuwa amejipanga njiani. Mjanja hakosi mlango. "Basi nakutaja wewe."

Mwenye duka aliinamisha macho, akaitazama mikono yake, ile iliyolala sakafuni kama kamba zilizofunguka.

"Unadhani nilizaliwa nayo hivi?" aliuliza. "Kila mjanja anayerudi hapa hunitaja mimi. Nimejaa, ndugu yangu. Taja mwingine."

Petroli. Utomvu. Ukutani misumeno ikining'inia, kila mmoja na mtu wake mahali fulani.

Jina la msimamizi lilimjia Bega mdomoni, tamu kama asali. Alilizungusha ulimini. Lakini akamwona msimamizi kama anavyomwona kila asubuhi, ameshika usukani wa lori, kikosi kizima kimepanda nyuma, wanaimba. Akalimeza. Lilipita kooni kama mfupa.

"Mimi," alisema. "Mizigo yangu nabeba mimi."

"Wewe," alirudia yule mtu. "Inua basi."

Bega akainua kutoka kwenye toroli, na bega lake likalia. Kilo tano kasoro. Kilo kama za watu wote. Nakwambia, hajawahi mwanamume kufurahia maumivu namna ile. Akautundika msumeno ule wa kijani kwenye msumari wake, akatoka bila kuaga.

Alimkuta mke wake amesimama mlangoni, mtoto juu ya mkono mmoja, kama zamani.

Kazini alimwomba msimamizi amweke kunoa minyororo, na kwa bahati mnoaji alikuwa amestaafu. Kazi ya kukaa, kazi isiyo na majigambo. Kisa chake aliwasimulia kikosi chote, neno kwa neno, na swali la mwenye duka, na duka lilipo. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Ndiyo hasara ya kupiga kamba miaka ishirini: siku unayosema kweli, watu wanakupigia makofi.

Ikapita miezi miwili. Viganja vya mke vikapona, ila siku za joto vilinuka petroli, hata avisugue vipi.

Kisha Jumapili moja. Mchana ule kikombe kilikuwa kimemponyoka Bega kikavunjika. Mke wake naye alikuwa amedondosha ndoo bombani, na jirani, yule aliyeruka ukuta, amelalamika kwamba mikono yake imelegea tangu ajitwishe kuni. Kila mmoja alijiambia ni uchovu. Jua likielekea kuzama walikuwa wote uani: Bega na chai yake, mke na mtoto mapajani, jirani akianua nguo.

Shemeji akaingia na baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga kitu ndani ya gunia.

"Shem," alisema, meno yote nje. "Ulikuwa unatuficha. Nilidhani ni kamba zako, kumbe duka lipo."

Akavuta gunia. Kijani. Tangi kama kikombe.

Bega alisimama. "Alikuuliza swali?"

"Aliniuliza."

"Ukamtaja nani?"

"Si nilijua ni mzaha wako? Nikataja tu mtu."

"Nani, shem?"

"Ngoja kwanza uone inavyokaa mkononi." Alikuwa ameinama, anafungua mpira ulioifunga kwenye baiskeli. "Kidole kimoja tu, nakwambia. Kimoja."

Mke wa Bega alimlaza mtoto kwenye mkeka, katikati kabisa, mbali na kila kitu. Bega akaweka kikombe chini. Jirani akaliachia shuka kwenye kamba. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Kila mmoja alinyoosha mikono yake mbele kidogo, akaitazama.

Harufu ya utomvu ikajaa uani.

Shemeji akapitisha kidole kwenye mshikio, akainua.