Kadi Yenye Ukungu

Wako watu watakwambia jini hukaa mbuyuni au pangoni. Waulize kama wamewahi kumwona aliyehamia ndani ya kompyuta, pale Msambweni, nyumba ina watu na taa zinawaka. Hawajamwona. Basi na wanyamaze, wasikilize.

Samuel, fundi wa kompyuta kutoka Ukunda, alipoifungua kompyuta ya marehemu Twahir, kilichomjia puani si vumbi. Ni udi.

"Mathe, umeifukiza hii mashine?"

"Mwanangu, chetezo sijakigusa tangu tulipomzika," akajibu Mwanapili, mamake marehemu.

Twahir aliiunda kompyuta ile kwa mikono yake, kipande kwa kipande, ikabaki kadi ya picha tu, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Mbili zilimvuruga kichwa, zote za makampuni makubwa: moja ina mbio kama paa, nyingine huchora mwanga na vivuli mpaka unywele mmoja mmoja. Homa ikamchukua hajachagua. Sasa mama alitaka kumalizia yeye, amwone japo yule mtu wa mchezoni ambaye Twahir alimtengeneza kwa sura yake mwenyewe. Samuel, rafiki wa marehemu, akaja nazo zote mbili.

"Chagua tu, Mathe. Kesho utatufunga sote mchezoni."

Mwanapili akacheka. Kicheko kikamshangaza mwenyewe.

Wakaanza na ile ya mbio. Magharibi ilikuwa inaingia. Yule mtu wa mchezoni akatokea kwenye skrini na kofia yake, kutoka magotini kushuka chini ukungu mtupu. Hakuna aliyegusa kitu. Akageuka.

"Mama, mbona umechelewa?"

Sauti ya Twahir, na ule mkwaruzo wake.

"Huu mchezo hauna Kiswahili," Samuel akanong'ona.

"Nyamaza! Mwanangu anasema."

"Kadi hii ina hitilafu, Mathe. Ngoja." Akazima, akatia ile ya pili.

Ukungu ukaondoka wote, na udi ukazidi hadi macho yakawasha, na Mwanapili akaliona baka dogo kando ya mdomo, akaziona kope, akauona uzi uliofumuka kwenye kofia ambao yeye mwenyewe aliahidi kuushona asiushone, na macho yake yakateremka polepole, kifuani, kiunoni, magotini, mpaka chini kabisa, zikasimama pale kwato mbili za punda. Yule wa kwenye skrini alipoona anaangaliwa, akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, kama mtoto aliyevunja sahani.

"A'udhu billahi," mama akasema, lakini hakuimalizia.

"Twende tumwite ustadhi asome. Sasa hivi, Mathe, tafadhali!"

"Akisoma ataondoka?"

"Ndiyo, ataondoka!"

Mwanapili akaigeukia skrini.

"Nirudishie ile ya kwanza."

"Mathe, si umeiona miguu!"

"Nimeiona. Na uso nimeuona. Hiyo yako inaonyesha mno, mwanangu. Ichukue uende nayo."

Samuel akairudisha ile ya ukungu, akatoka bila viatu. Mwanapili akafunga mlango, akaketi.

"Nimechelewa, baba, nisamehe. Sogea nikuone."

"Nasogea, mama."

Hatua hazikutoka kwenye spika. Zilitoka nyuma ya kiti chake, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji. Mwanapili akakaza macho kwenye ule uso, akaanza kumsimulia habari za nyumbani kwa sauti kubwa, kubwa zaidi, ili asizisikie zile hatua.