Mama Yangu Kwenye Kalenda ya Dukani

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, naishi peke yangu Nsemulwa, hapa Mpanda, na kazi yangu ni kupiga picha. Mkinikuta barabarani mtaniona nacheka na wateja. Msidanganyike... jino la pembe si dawa ya pengo, na leo nawaonyesha pengo langu.

Baba simjui. Nilipokosa nafasi ya sekondari, mama aliuza mpunga wake wote akanipeleka kwa mpiga picha mmoja wa mjini nikajifunze. Tulimwita Fundi. Ndugu wa mama kule Mpimbwe walimcheka, eti binti na kamera wapi na wapi?

Fundi alikuwa na namna moja tu ya kupiga. Mteja anasimama mbele ya pazia la maua, mikono imenyooka, macho kwenye kamera, na lazima viatu vionekane. Ukimkata mtu miguu haichukui picha yake, anasema umemfanya kilema! Nikajifunza hivyo hivyo. Picha zangu zilifanana na za Fundi, na zilinichosha.

Asubuhi moja, kamera ikiwa mkononi kwa ajili ya harusi ya kule Magamba, nilimkuta mama amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. Mwanga wa nje ulimwangukia shavu moja, upande wa pili ulibaki na giza la ndani. Nikainua kamera! Mama akataka kuinuka akavae viatu.

"Usinitazame, mama," nilimwambia. "Endelea na mchele wako."

"Haya. Lakini hiyo siyo picha yangu. Yangu utanipiga Pasaka, nimevaa."

Nikamwahidi.

Fundi alipoisafisha ile picha ya mlangoni alicheka sana, lakini akaiweka dirishani. Haikupita muda watu wakaanza kuja, hata wafugaji wa Kisukuma kutoka Litapunga, wakitaka picha kama ya yule mama wa mlangoni. Nikawafuata majumbani, kwenye milango yao. Sasa nilijua natafuta nini... Jamani, nilikuwa na furaha! Ila nyuma ya kila picha uligongwa mhuri wa Fundi. Nilipomwomba niandike jina langu pembeni, alinijibu kwa upole.

"Mwanafunzi hana mhuri, binti. Subiri umalize."

Nikasubiri. Ningemwamini nani mwingine?

Pasaka ilipokaribia mama akashikwa na malaria, ikampanda kichwani. Akafariki... Wazee wakaniulizia picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilikimbia studio nikakuta kufuli! Muuza vitumbua wa jirani aliniambia Fundi amepanda treni na masanduku yake yote, amepata kazi Dar es Salaam. Dirishani hapakuwa na kitu. Picha ya mama na negativu yake, ule mkanda wa kusafishia nyingine, vyote kaondoka navyo. Muuza vitumbua akaniuliza kama Fundi hakuniaga.

Mama alizikwa bila picha. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi kwao, nikabaki na ule ungo.

Mwaka uliofuata niliingia dukani kununua chumvi. Ukutani palikuwa na kalenda mpya... Mama! Chini yake jina la Fundi, kwa wino mwekundu. Nikamwambia mwenye duka kwamba huyo ni mama yangu na picha niliipiga mimi. Aliitazama, akanitazama, akasema labda tumefanana tu, maana kalenda imetoka Dar. Lakini alinionea huruma, akaahidi mwaka ukiisha nitaichukua. Mwaka mzima nilikuwa nanunua chumvi nisiyoihitaji, ili nikamwone mama.

Sasa ninayo. Lile jina nimelikata kwa mkasi.

Nyie mnaojifunza kazi kwa watu, waheshimuni walimu wenu, lakini kazi ya mikono yenu iandikeni jina tangu siku ya kwanza, na nakala moja ilale nyumbani. Na kama mama yako anataka kupigwa amesimama, na viatu vyake, mpige leo. Usimwambie Pasaka!

Kila jioni nakaa mbele ya kalenda nikiwa peke yangu. Mama ameinama, anachambua mchele wake. Namwita... hanitazami. Mimi ndiye niliyemwambia asinitazame.