Shati la Kaki la Fundi Eugène

Hakuna mauaji yaliyonishinda kutegua hapa Uvira. Nikisikia maiti imeonekana, uji haujapoa nimekwisha kumtaja muuaji. Ni kweli kwamba kila niliyemtaja hakuwa yeye, na safari hii nilimtaja mjane. Ndiyo maana kazi ilifanywa na Bernardine.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, waasi wameushika mji. Asubuhi, mtaani Kasenga, Marie-Jeanne alimpelekea chai mumewe, fundi wa nguo Eugène, akapiga yowe mlangoni pa kibanda chake cha kushonea. Eugène alilala chini ya meza yake, mkasi umezama shingoni. Kando yake alipiga magoti Pontien, kipofu aliyekuwa akimsaidia kushona vifungo, mikono imelowa damu.

"Fundi alinituma maji," Pontien alisema, meno yakigongana. "Alisema iko muteja hataki watu. Nimerudi, nimejikwaa juu yake. Nilimushika nisikie kama anapumua."

Hakuna aliyemsikiliza. Félicien, mpiganaji wa waasi aliyelinda barabara ile, koti lake refu limefungwa mpaka shingoni, alimsukuma kwa ncha ya bunduki hadi kwa komanda. Kwa mkono asingethubutu. Wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na asiye na dawa akimgusa mmoja wao, dawa imeharibika. Juma lililopita komanda alimuua ufukweni mpiganaji wake mwenyewe aliyempa shemeji yake mkono.

Pontien naye angeuawa hapo hapo, jua likiingia nyuma ya milima.

Bernardine alipopata habari alishika fimbo. Mguu wake mmoja ulikauka tangu utoto, na kazi aliyojipa ilikuwa kuzunguka maduka ya Kasenga na Songo, akiwaombea kazi vipofu, viwete na viziwi. Yeye ndiye aliyempeleka Pontien kwa Eugène. Njiani alikutana na kiziwi aliyemtafutia kazi kwa mwoka mikate, amekwisha kufukuzwa. Pontien akifa, nani atapokea mtu wa Bernardine tena?

Alianza na mjane.

"Dada, jana muligombana. Mutaa muzima ulisikia."

"Tuligombana kwa sababu ya kaki," Marie-Jeanne alisema. "Alikubali kumushonea mupiganaji. Nikamwambia, hao watu hawaguswe, weye utamupima aje? Akacheka! Eugène alicheka hata kwenye matanga."

"Mupiganaji gani?"

"Hakumutaja."

"Na asubuhi weye ulikuwa wapi?"

"Mutoni, na wanawake wengine. Uliza."

Bernardine aliuliza, na wanawake wote wakasema walikuwa naye.

Ndipo akaingia kibandani pamoja na mjane. Vipande vya kaki vilikuwa mezani, vimekatwa tayari, alama za chaki bado zinaonekana. Alilinganisha mikono ya shati. Wa kushoto ulipungua upana wa kiganja.

"Alikosea kukata?"

"Eugène?" Marie-Jeanne alifuta machozi. "Hata siku moja."

Bernardine alivikunja vile vipande. Mikono ya namna hiyo aliijua: mfupa unavunjika utotoni, unaungwa vibaya. Lakini mwenye huu hakupita kwake kutafuta kazi. Basi alikuwa mtu anayeuficha. Na katika joto lile la ziwa, mtu mmoja tu hakuvua koti.

Alitamani kurudi nyumbani ajifungie. Alikwenda ufukweni.

Pontien alikuwa amefungwa kwenye mti tayari.

"Mama, umekuja kumulilia kipofu?" komanda aliuliza.

"Nimeleta nguo ya askari wako, mukubwa." Akamgeukia Félicien. "Baba, uliingia kwa Eugène?"

"Minye? Hata ndani yake siijui."

Bernardine alimtupia vipande miguuni. "Vua koti, ujipimie. Minye nikikugusa nitakuharibia dawa."

Félicien alilishika koti lake shingoni.

"Vua," komanda alisema.

Mkono wa kushoto ulitoka umepinda kwenye kiwiko. Kipande kirefu kilifika kifundo cha mkono wa kulia. Kifupi kilifika cha kushoto, sawasawa.

"Bon, sawa," Félicien alilamba midomo. "Niliingia kidogo, kuagiza tu. Hakunigusa!"

"Nani amesema alikugusa?" komanda aliuliza polepole.

"Minye nasema," Bernardine alijibu. "Pontien alitumwa maji, weye ukavua koti, Eugène akakupima kwa utepe. Halafu akacheka, njo tabia yake, akakutania kwamba dawa yako imekwisha. Ukamukumbuka mwenzako aliyekufa hapa. Mukasi ulikuwa mezani."

"Uongo! Alinikatia kwa macho. Nilisimama mulangoni, mbali naye."

"Na koti?"

"Na koti! Sijalivua mbele ya muntu hata mara moja."

Komanda aliliinua koti kwa ncha ya bunduki. Mikono ya koti ilining'inia sawa, mirefu ya kumeza vidole.

"Basi macho ya Eugène," Bernardine aliuliza, "yalipita wapi hata yakauona mukono ulio ndani?"

Félicien alifungua mdomo. Komanda alirudi nyuma asiguswe naye, na wapiganaji wengine wakarudi naye, mpaka Félicien akabaki peke yake mchangani, kaki mikononi.

"Mama Bernardine," Pontien aliita kutoka mtini, "anajibu nini? Minye sisikii kitu."

"Hata minye, Pontien," Bernardine alisema, akienda kumfungua kamba. "Hata minye sisikii."