Neno Alilobandikwa Appolinaire

"Acha! Weka chini hiyo karatasi!"

Appolinaire aliinua kichwa. Soko la Mbarara lilikuwa limefurika, matoke yanashushwa, wabebaji wanapiga kelele wapishwe, na mbele ya jiko lake la karanga amesimama mwanamke wa kitenge cha njano na kilemba chekundu, macho makali kama ya afisa anayekagua vitambulisho.

"Mama, ni karatasi tu ya kufungia karanga."

"Karatasi tu? Hiyo ni kamusi! Unapasua kamusi?"

"Nilinunua kwa kilo, pamoja na magazeti. Wakati wa kupimwa haikulalamika."

Mwanamke alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Alichukua karanga, akachukua na ile kamusi ya Kifaransa iliyobaki, akaondoka akizitafuna za kwanza na kuikumbatia ya pili. Kabla hajafika kwenye nyanya alirudi, akaomba namba ya simu.

Aliitwa Pascasie, Mrundi, fundi cherehani mtaa wa Nyamityobora hapo mjini. Wiki nzima alishona sare za shule, na kila siku alijifunza maneno matano. Jumapili alirudi kambini Nakivale kusali na mama yake. Appolinaire naye alikaa Nakivale hiyo hiyo, Mkongomani wa Fizi, mgane wa miaka minne tangu amzike mke wake Constance. Hakuwa amemaliza hata darasa la nne.

Simu ziliwaka moto.

"Umeamka, mwalimu?"

"Nimeamka, muharibifu wa vitabu."

"Leo umejifunza neno gani? Tafuta 'mupenzi'."

"Hilo halimo."

"Basi kamusi yako ni maskini. Njoo kwangu, mimi niko nalo."

"We Apo! Batu bananisikia hapa!"

"Waache wasikie, sheri."

Miezi mitano haikuisha, akamposa. Pascasie alikubali kabla swali halijafika mwisho, ila kwa sharti moja: kanisani. Na kanisani, majina ya wanaotaka kuoana husomwa Jumapili tatu, na mwenye kujua kizuizi hukisema mbele ya watu wote.

Jumapili ya kwanza, katekista Léonidas alisoma majina yao, kisha akavua miwani.

"Kizuizi ninacho mimi mwenyewe," alisema. "Huyu papa Appolinaire, siku tulipomzika Constance, alisema kaburini, 'Mimi ni athée.' Na athée ni nani?" Akatoa mfukoni kamusi yake ya Kifaransa isiyo na jalada. "Kamusi inasema: mtu anayemkana Mungu. Si mimi ninayesema, ndugu zangu. Ni kamusi!"

Kanisa likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Pascasie aliinuka kwenye benchi la akina mama na kutoka nje. Appolinaire akamkimbilia, akamkuta kwenye vumbi la njia, vidole vinapekua ile kamusi yake iliyochanika.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Na mimi hukuniambia! Hii yangu inasema: asiyeamini kwamba Mungu yupo. Wewe unaamini?"

Appolinaire aliinama, akapangusa vumbi la viatu.

"Basi ni weye," Pascasie alisema, sauti ikikatika. "Ya Léonidas au yangu, zote zimekushika."

"Zimenishika, na zenyewe hazipatani! Moja inasema ninamukana, moja inasema siamini. Hayo ni mambo mawili! Nani amezifanya kuwa chef, mukubwa wangu?"

"Kamusi haina chef!"

"Kila karatasi iko na chef wake. Karatasi ya wakimbizi inasema nilizaliwa tarehe moja Januari. Constance tarehe moja Januari. Jirani zangu wote, Januari! Tulizaliwa siku moja sisi wote? Kuna mukubwa alikaa kwenye meza, akachoka kuuliza, akaandika. Na kamusi kuna mukubwa aliandika. Alikuja kuniuliza mimi?"

"Mimi ningekuuliza," alisema Pascasie. "Ungenijibu mimi. Lakini ukaniacha nisikie toka kwa Léonidas."

Akaondoka. Kuanzia hapo simu iliita mpaka ikachoka. Jumapili ya pili majina yalisomwa, yeye hakuja.

Jumatano, Léonidas alimfuata Appolinaire nyumbani. Alikaa bila kukaribishwa, kama wakubwa wote wanavyokaa.

"Ndugu yangu, mbona unajitesa? Jumapili padri anakuja. Sema tu, 'Naamini.' Neno moja. Unapata mke, mimi napata amani."

Lilikuwa neno jepesi. Appolinaire alilibeba mdomoni njia yote, Kabingo akapita nalo, Mbarara akashuka nalo, mpaka kwenye kibaraza cha Nyamityobora ambako Pascasie alikuwa akishona kola nyeupe, kanda ya kupimia shingoni, miguu mitupu juu ya pedali ya cherehani.

"Nimekuja kukwambia kwamba naa..."

Cherehani ikasimama ghafla.

"Appolinaire! Ukinidanganya, hii sindano nakushona nayo mdomo."

Lile neno akalimeza. Akaketi juu ya furushi la vitambaa, akamwambia yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba Constance alilala kwenye kituo cha afya tangu asubuhi, mimba ya miezi minane. Kwamba gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwemo. Ila mwenye kutia sahihi ili gari litoke alikuwa kwenye mkutano, na mkutano ulikuwa na chakula. Jioni muhuri ulifika. Constance alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Kaburini Léonidas akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nikatafuta neno la kumpiga nalo. Nililolipata ni hilo. Mutu akifiwa, Pascasie, hapewi muda wa kutafuta kwenye kamusi."

Pascasie alifuta macho kwa ile kola nyeupe, akaona alichofanya, akaguna.

"Sasa niambie mimi. Yupo au hayupo?"

"Sijui. Kumuomba nimeacha. Kama yupo, hatusemezani."

"Ati hatusemezani! Mtu ananuniana na asiyekuwepo?"

"Usinitege, mwanamke."

"Ninakutega tena sana!" Akacheka huku analia. "Haya, kamusi zote mbili hazikujui. Ila Jumapili utasema nini?"

"Hicho hicho nilichokwambia."

"Watatukatalia."

"Najua."

Pascasie alimtupia chupa ya maji. "Kunywa. Umekuja na jua lote hilo kwa ajili ya uongo ambao hata kuusema hujui."

Jumapili ya tatu watu walisimama hadi nje. Pascasie alivaa gauni la bluu alilolishona usiku huo, mabega yamepanda kama ya askari wa kambi ya Makenke kwenye gwaride. Léonidas alisimama na kamusi yake imefunguliwa tayari. Padri, mwanamume mfupi mwenye vumbi la pikipiki kwenye kanzu, alimwashiria aketi.

"Nitamuuliza mwenyewe. Unamwamini Mungu, mzee?"

"Hapana, padri. Sisemi hayupo. Sijui."

Kelele zikazuka. Pascasie akaruka juu. "Padri! Mimi ndiye nitakayeishi naye. Mimi nimeshamuuliza, na hakunidanganya. Nani hapa ana mume wa hivyo?"

Akina mama wakapiga vigelegele. Padri alikohoa kuficha kicheko.

"Basi nina maswali matatu tu. Utamwacha asali?"

"Ndiyo."

"Watoto wakibatizwa, hutazuia?"

"Sitazuia."

"Utakaa naye katika afya na ugonjwa, mpaka kifo?"

Appolinaire alimtazama Pascasie, kisha akamgeukia padri.

"Hilo nimeshalifanya mara moja, padri. Mpaka mwisho."

Léonidas aliinamisha kichwa. Padri akasema polepole, "Barua ya kumwomba askofu ruhusa muoane nitaipeleka mimi mwenyewe kesho asubuhi. Katekista, soma majina."

Ilikuwa mara ya kwanza Appolinaire kumwona mwenye mamlaka akibeba karatasi ya mtu mdogo kwa mkono wake.

Walipotoka, Pascasie alimshika kidole kimoja tu, watu wasione, na watu wote wakaona.

"Jumapili ijayo utakuja na mimi?"

"Nitakufikisha mpaka mlangoni."

"Mlangoni tu?"

"Nitakungoja hapo mpaka utoke."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha, mupenzi."