Vumbi la Waridi Puani mwa Ogari

Nyanchera aliona pua kwanza.

Wengine walitazama mawe meupe yaliyomfunika Ogari hadi kifuani ndani ya shimo la kuchimbia mawe. Yeye, ambaye kazi yake pale Tabaka ilikuwa kusugua sanamu za mawe ya sabuni ndani ya beseni la maji, aliona vumbi la waridi puani mwa maiti. Shimo lile lilikuwa jeupe tupu, ukuta hadi chini.

Hakusema. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu, bila sauti.

"Ajali," alisema Onyancha, nyapara wa kampuni. "Aliingia alfajiri kuiba mawe, yakamwangukia."

Inspekta Gulled Warsame wa kituo cha Kisii aliinama juu ya maiti. "Msemaji wa wafanyakazi? Siku moja kabla ya baraza la DC?"

"Kifo hakibishi hodi, Inspekta."

Gulled akawageukia wanawake wasugua sanamu. "Nani ameona kitu?"

Kisha akamwona msichana aliyekazia macho uso wa marehemu.

"Binti?"

"Hilo vumbi," alinong'ona Nyanchera. "Ni la jiwe la waridi. Hapa halipo."

Onyancha akaangua kicheko. "Siku hizi wasugua mawe ni madaktari!"

"Lipo wapi?" Gulled aliuliza.

"Shimo la juu. Lilifungwa watu kumi na mmoja walipotema damu."

"Ufunguo wa lango anao nani?"

Wanawake wote wakamtazama Onyancha. Kicheko kikamkauka.

Adhuhuri daktari wa serikali aliupasua mwili. Vumbi la waridi lilikuwa limefika kooni: alilivuta akiwa hai. Fuvu lilivunjwa kwa nyundo. Mawe meupe yalimwangukia mtu aliyekwisha kufa. Michubuko ya mawe hayo haikuvuja damu. Na katika shimo "lililofungwa" askari walikuta kinu kipya cha kusagia mawe, na damu sakafuni.

Nyanchera aliitwa kituoni kutambua vumbi. Aliketi kwenye benchi, akasikia yote Gulled alipomhoji Onyancha.

"Ulimpiga wewe?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

"Meneja." Onyancha alikohoa kwa muda mrefu. "Ogari alitaka kuonyesha barazani kwamba mawe yakilowanishwa kabla ya kusagwa, vumbi halipandi. Maji yangechelewesha kinu. Nikamwita shimo la juu azungumze na meneja. Wakabishana. Kila alichosema meneja, Ogari alikuwa na jibu. Mwisho meneja akaniambia, 'Mnyamazishe.'"

"Mtu ameuawa kwa sababu mlikosa jibu?"

"Ndiyo, Inspekta. Tulikosa jibu."

"Na hicho kikohozi chako?"

Hasira ilimpanda Nyanchera kama maziwa yanayofurika chunguni.

Kesho yake wachimbaji walijaa uwanjani kwa baraza. Meneja alisimama mbele ya DC, kofia mkononi, sauti tulivu.

"Kampuni haina mikono," alisema. "Nyundo ilikuwa ya nyapara."

"Nina ungamo lenye sahihi, Bwana DC," alisema Gulled. "Linamtaja meneja."

"Hilo litasikizwa mahakamani. Hapa nilikuja kusikiliza hoja za wafanyakazi juu ya vumbi. Msemaji wao amekufa." DC alifunga jalada lake. "Baraza limekwisha."

Kulia kwa Nyanchera mzee mmoja alikohoa, akafuta mdomo kwa kiganja, akaanza kuinuka aende zake. Wengine wakamfuata. Kinu kingeanza tena Jumatatu.

Nyanchera akasimama.

"Keti, msichana," alisema meneja.

"Siketi!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Mlimuua Ogari bure. Hoja zile ni zangu. Zote. Nilizipata kwenye beseni langu, ambako jiwe halitoi vumbi. Yeye alikuwa mdomo wangu tu, kwa kuwa mimi nilikuwa naogopa watu. Bado ninazo, Bwana. Sasa keti wewe, unijibu."